Nusu Kidonge

Wembe ninaokwangulia tyubu kabla ya kubandika kiraka
ndio niliokatia dawa ya presha.
Niliuosha, nisije nikasemwa.
Kidonge juu ya kifuniko cha gundi,
nabonyeza,
nusu ya leo, nusu ya kesho,
na unga uliobaki naulamba kidoleni
maana nao nimeulipia.

Mwezi ukawa miezi miwili.
Nikajiona fundi.

Na fundi anajua nini?
Anajua gololi. Miaka thelathini na moja hapa Isevya,
mkabala na mashine ya kusaga ya Kasanda,
mteja akiniletea gololi za bei ya kutupa namwambia: rafiki,
utarudi kabla ya mvua za kupandia.
Na hurudi, anaisukuma, gunia la mkaa limemlalia ubavuni.
RAHISI NI GHALI, nimeandika juu ya mlango
kwa rangi ya mafuta. Herufi ya mwisho imeliwa na mchwa.

Kwa hiyo daktari aliponipa cheti
nilikwenda duka lenye vioo, njia ya stesheni,
nikataka ile ya boksi la bluu, ile yenyewe.
Elfu ishirini na sita.
Hizo ni pancha ishirini na sita,
na mwezi ule Tabora nzima iliendesha kwa uangalifu.

Jumanne nikaanguka. Si sana.
Nilikuwa nanyoosha rimu, spoki zikaanza kuongezeka,
nikajikuta nimekaa chini na spana mkononi,
mtoto wa jirani ananipepea kwa kifuniko cha ndoo.
Mwanamila alizikuta nusu nne kwenye kopo la gundi.
Hakunigombeza. Alizihesabu kwa sauti,
kama anavyohesabu mayai viza.

Kalunde ana duka dogo nyuma ya soko.
Baiskeli yake ya kwanza niliifunga mimi, kiti nikakishusha mpaka mwisho.
"Baba, lete boksi."
Akalipindua, akaweka ukucha chini ya lile jina kubwa,
penye maandishi kama miguu ya sisimizi.
Nikavaa miwani, mkono mmoja ni waya wa breki.
Akaweka boksi jingine kando yake, jeupe, halina hata ua.
"Soma na hapa."
Neno lile lile. Miligramu zile zile.
"La juu ni jina la muuzaji. La chini ndilo jina la dawa."
Elfu nne.

Nikacheka. Nikamwambia, binti yangu, mimi nazijua gololi.
"Gololi anazipima nani?"
Barabara, nikasema.
"Hizi hupimwa kabla ya barabara."
Kisha akaushika mkono wangu wenye grisi, hakujifuta:
"Ila usikate tena. Daktari akiandika kimoja, hajaandika nusu.
Hela ikipungua, sema. Sema kwake, sema hapa dirishani.
Hakuna mwenye kipimo cha kupima mfuko wa mtu."

Siku tatu za mwanzo, nakiri, nilijisikiliza
kama ninavyosikiliza gurudumu jipya,
sikio kwenye habu, nazungusha, nangoja lilie.
Halikulia.
Mwezi ulipoisha nesi alinifunga kile kitambaa mkononi,
akakitazama kioo, akaandika, akaita jina la pili.
Hata mimi baiskeli isiyo na ubovu huwa siisemi.

Ile elfu ishirini na mbili msiniulize.
Mwanamila aliipokea kabla sijaikunja.
Kuna sufuria jipya, kuna deni la dukani limenyamaza,
na mengine hayajanifikia.

Lile andiko la mlangoni sikulifuta.
Kwa gololi bado ni kweli.
Nimeongeza tu chini yake, kwa brashi nyembamba,
herufi ndogo ambazo mtu lazima ainame:
soma na chini.

Jana kijana mmoja wa Cheyo aliinama, akasoma,
akatazama chini, akaona matope na nati moja.
Akaiokota, akanipa.
Ilikuwa yangu, nimeitafuta tangu Ijumaa.